Mashapo ya Nabalayo

Jumatano asubuhi, Julai 1956, chungu cha pombe ya busaa cha Nabalayo kilikuwa kimeegemezwa ukutani juani, mbele ya mlango wao katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru. Kilikuwa kisafi kama sahani ya Krismasi. Mumewe Dalmas alisimama kando yake, mikono imejaa majivu, akingoja kusifiwa.

Kazi ya Dalmas katika karakana ilikuwa kuosha boila, matangi ya mvuke ya magari ya moshi. Kazi hiyo ina sheria moja: mashapo yakiachwa chini, boila huharibika. Kwa hiyo siku yake ya mapumziko, alipochungulia chunguni akaona uji wa kijivu umetulia chini, mikono ilimwasha. Aliumwaga mtaroni, akasugua chungu kwa majivu, kisha akakisuuza kwa maji yanayochemka.

Nabalayo alirudi kutoka sokoni, akaweka kikapu chini.

"Baba Nyongesa, umemwaga wapi?"

"Ule uchafu? Mtaroni."

"Uchafu," akasema Nabalayo polepole. "Huo uchafu nilipewa na mama yangu siku ya kuolewa, nikaupakata kwenye treni kutoka Bungoma. Nimekaa nao muda mrefu kuliko nilivyokaa na wewe ukiwa na meno yote."

Hapo ndipo Dalmas alipoelewa alichofanya. Busaa ikiisha, mashapo ya chini ndiyo yanayochachusha busaa inayofuata. Kimea peke yake kingeweza, lakini kwa baridi ya Julai kingejikokota, na Jumamosi mzee Masinde angefika kusema kama anampa mwana wao Nyongesa binti yake Nekoye. Masinde hakuwa mtu wa kuzungumzia posa mbele ya chungu kikavu.

"Nitamwomba Akeyo mashapo yake," Dalmas akasema.

Akeyo, jirani yao, alikuwa akianua nguo, masikio yakiwa kazini.

"Nakupa, shemeji! Lakini kwenu si mlisema mashapo hupewa mkwe tu? Basi niletee Nyongesa huku. Nina binti, anajua kuosha vyungu. Baba mkwe atafurahi."

Nabalayo alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Dalmas hakucheka. Nyongesa alikuwa amemtaka Nekoye kwa miaka miwili, na kosa lilikuwa la baba yake.

"Na gunia langu la kuchujia?" Nabalayo akauliza. "Nalo umelichemsha?"

Dalmas alianza kujipangusa majivu mikononi.

"Sema tu. Leo ni siku ya maungamo."

"Sikuliosha. Tangu Jumapili nimeziba nalo dirisha. Upepo wa mlima wa Menengai ulikuwa unaniuma mgongo."

"Bila kuliosha hata kidogo?"

"Nilisahau, mama Nyongesa. Nisamehe na hilo pia."

Nabalayo aliingia ndani mbio, akalichomoa gunia. Lilikuwa limekauka, gumu kama ngozi, na katika nyuzi zake mashapo ya busaa iliyopita yalikuwa yameganda meupe. Alilinusa. Kisha akakoroga uji wa kimea, akaungoja upoe mpaka kidole kivumilie, akalitumbukiza gunia ndani.

"Mume wangu," akasema, "makosa yako ni mengi mpaka moja limesaidia."

Jioni uji ulikuwa umelala kimya. Alhamisi asubuhi Dalmas alitega sikio kwenye ukingo wa chungu, kama alivyotega kwenye boila akitafuta panapovuja.

"Shemeji, treni imefika?" Akeyo aliuliza kutoka uani kwake.

"Bado iko stesheni ya Gilgil," Dalmas akajibu.

Alipotoka kazini povu lilikuwa limepanda, na chungu kilinong'ona bila kukoma. Nabalayo aliutia uji ule katika unga uliokwisha kukaangwa, akaongeza maji na kimea, akafunika. Dalmas alikatazwa kukaribia na kitambaa chochote.

Jumamosi Masinde aliketi, Nabalayo akaonja kwanza kama ilivyo ada, kisha mzee akaingiza mrija wake chunguni. Alivuta kwa muda mrefu. Dalmas alihesabu vifungo vya koti la mgeni.

"Nimesikia huko njiani," Masinde akasema, "kwamba hapa kuna mtu anayeogesha vyungu."

"Ni kazi ya serikali, mzee," Dalmas akasema. "Mtu hujisahau."

"Basi tukishamaliza kunywa, mtu huyo akalishwe mbali na chungu."

Masinde alivuta tena. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa kibuyu kitupu, akakiweka mbele ya Nabalayo.

"Mama Nekoye ameniambia nisirudi bila mashapo ya mkwe wake."

Busaa ilipokwisha, Nabalayo aliinamisha chungu, akachota mashapo, akajaza kibuyu mpaka shingoni. Alikiziba kwa jani la mgomba, akampa Dalmas akishike, naye Dalmas akakikabidhi kwa Masinde kwa mikono miwili.