Mahali Aliponyoosha Kidole

Mwaka 1954 Awadhi Saadi, fundi wa trekta katika mradi wa karanga wa Nachingwea, alipata kazi ya gereji Dar es Salaam. Mradi ulikuwa umesinyaa. Mafundi walikuwa wengi kuliko trekta zinazotembea, na asubuhi watu walikaa karakanani wakipangusa vifaa ambavyo vilikuwa safi tangu jana yake.

Awadhi alitangulia peke yake kuuona mji, akatembelea sehemu nne na kuzilinganisha. Ilala ilikuwa na nyumba imara, lakini vyumba vya kupanga vilikuwa haba. Magomeni palikuwa na hewa nzuri na matope mabaya. Temeke mtu angeweza kupata kiwanja na kujenga, ila ilikuwa mbali na kazi. Kariakoo palikuwa na kelele, lakini soko na bomba la maji vilikuwa karibu, na gereji haikuwa mbali kwa miguu. Akachukua chumba Kariakoo, akarudi kwa meli hadi Mtwara na kwa treni hadi Nachingwea, kumchukua mkewe, Mwanaima.

Kumchukua hakukuwa jambo jepesi. Mwanaima alikuwa Mmwera wa Mbekenyera, upande wa Ruangwa, na kwao mwanamume ndiye anayemfuata mke. Kumtoa mke kwenda naye mbali kulihitaji ruhusa ya mjomba wake, Mohamedi, na ya mama yake, Bi Zaina. Tena Bi Zaina hakusema na mkwe wake ana kwa ana. Desturi ilikataza. Alikaa ndani, nyuma ya ukuta wa fito na udongo, akasikiliza, na neno lake lilimfikia Awadhi kupitia kwa Mohamedi, ndugu yake mdogo.

Awadhi aliueleza mji kama mtu anayesoma vipimo. Alipofika kwenye jina la Kariakoo, Mohamedi aliacha kutafuna.

"Nani kakukamata, mkwe?"

Awadhi alidhani ni mzaha, akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Katika nyumba ile kariakoo halikuwa jina la mahali. Lilikuwa jina la jambo lililowapata wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, pale wanaume walipofungwa kamba na kupelekwa kubeba mizigo ya jeshi. Mtu alikamatwa kariakoo, alikwenda kariakoo, alipotelea kariakoo. Mbaruku, kaka mkubwa wa Bi Zaina, alikamatwa akiwa anatoka kuchimba mihogo, na hakuna aliyerudi kusema amefia wapi. Kwa hiyo hakuliliwa. Unga wa mtama ulipomwagwa chini na majina ya wafu kutajwa, jina lake liliachwa. Waliogopa kumtaja marehemu akiwa hai. Hata dua za walio safarini hazikumtaja, wasije wakamwita msafiri naye amekwisha kufa. Hakuwa na upande.

Awadhi alifafanua. Ni mahali, alisema, tena pana mitaa na taa. Zamani jeshi liliweka hapo kambi ya wapagazi, kambi ikaondoka, jina likabaki. Alitaka kuwatuliza, na kila alichosema kilikuwa kweli.

Kisha Bi Zaina alisema kwa Kimwera, na Mohamedi akatafsiri ingawa Awadhi alikuwa ameelewa. Kumbe kariakoo kuna pa kufika. Basi Mbaruku yupo huko. Mwanaima hawezi kulala juu ya mtu asiyeliliwa.

Awadhi akasema wangeweza kupanga Ilala. Mama mkwe akauliza ni umbali gani kutoka Kariakoo. Ni karibu, Awadhi alijibu, kwa sababu ni karibu. Magomeni je? Mtu hutembea. Na Temeke? Awadhi alikiri kwamba hata Temeke mtu hufika kwa miguu, ingawa huchoka.

"Dada anauliza," alisema Mohamedi, "mtu aliyebebeshwa risasi hapa na Lindi, atashindwa kufika Temeke?"

Mwanaima, aliyekuwa akipepeta mahindi uani, hakuinua kichwa. Usiku ule alimwambia mumewe kwamba angependa kwenda, lakini hatakwenda bila neno la mama. Mwajiri wa Dar es Salaam asingemngoja Awadhi hadi mvua zianze.

Awadhi aliamini kwamba jambo lililofungwa na kosa hufunguliwa na ukweli. Alirudi Nachingwea akamtafuta Fransisko, mzee wa stoo ya karakana, Mmakua wa Masasi, ambaye ujanani mwake alikuwa mpagazi. Fransisko alimsikiliza akakuna kidevu. Watu wa Ruangwa kupelekwa Dar es Salaam? Wapi. Walikamatiwa hukuhuku na kubebeshwa hukuhuku, kutoka Lindi kuja bara, nyuma ya askari. Waliokufa walifia njiani, katika mapori haya, kwa kuhara na kwa njaa. Mwenzako akianguka, ulichukua mzigo wake. Yeye ulimwacha, na kibati chake cha namba shingoni.

Hapo Awadhi alikumbuka jambo ambalo hakuwahi kulipa uzito. Wakati wa kusafisha pori, katapila zilipong'oa miti na plau kufuata, udongo ulileta juu mifupa. Yeye mwenyewe aliwahi kuchomoa kwenye sahani za plau mfupa mrefu na kibati kilichotobolewa tundu, chenye namba. Alivitupa kando ili mashine iendelee.

Alipeleka habari yote Mbekenyera bila kupunguza kitu, na kibati akakitaja. Alitumaini kwamba sasa Kariakoo itabaki jina tu: Mbaruku hayupo huko, mtu anaweza kuishi popote. Mohamedi alitikisa kichwa taratibu, akangoja neno la ndani. Badala ya neno, Bi Zaina alitoka. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na ameshika kibuyu cha unga.

Walikwenda wanne, kwa lori hadi Nachingwea, kisha kwa miguu. Shamba lilikuwa limeachwa. Mistari iliyonyooka ilikwenda hadi macho yaliposhindwa, na majani yaliota katikati yake. Hapakuwa na kisiki kikubwa wala kichuguu, wala kitu chochote ambacho mtu angeweza kusema: nilisimama hapa. Mashine ziliondoa kila alama, na Awadhi ndiye aliyezitengeneza. Upepo ulipita, ukatoa sauti kama ya watu wengi wanaotembea bila kusema.

Bi Zaina alimgeukia mkwe wake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Awadhi. Ni wapi?"

Hakujua. Huenda lilikuwa shamba hili, huenda la pili yake, na hata mfupa wenyewe haukuwa na jina. Alimtazama Mwanaima, aliyesimama nyuma ya mama yake, macho yake kwenye mdomo wa mumewe.

Awadhi akanyoosha kidole.

"Pale."

Bi Zaina alikwenda pale. Alipiga magoti, akamwaga unga, akamwita Mbaruku kwa sauti ya dada anayemwita kaka yake aje kula. Kisha akalia, na Mohamedi akalia, na matanga yaliyongoja tangu vita yakaanza. Yalipokwisha, Mwanaima alipewa ruhusa. Mama yake alimwambia aishi apendapo, sasa kote ni njia tu.

Walikaa Kariakoo. Mwanaima aliupenda mji kuliko alivyotazamia. Alijua bei za soko na majina ya majirani kabla mumewe hajajua ya mpangaji wa chumba cha pili.

Siku moja mchana Awadhi alikuwa akivuka barabara kando ya soko, mpagazi mwenye gunia kichwani aliposimama mbele yake. Gunia lilining'inia hadi kufunika macho. Mtu yule aliuliza kwa Kimwera njia ya Mbekenyera. Dar es Salaam ilikuwa imejaa watu wa kusini, na swali halikuwa la ajabu. Awadhi alinyoosha kidole upande wa kusini. Mtu yule akashukuru akaenda.

Muda si mrefu Awadhi aligundua kwamba Kariakoo pana moshi mwingi. Wakahamia Ilala. Huko mtu mwenye mzigo alimuuliza swali lilelile kwenye foleni ya maji, na waliokuwa mbele na nyuma yake hawakugeuka. Ilala ikawa na kodi mbaya. Magomeni, mtu alimuuliza akiwa anafunga baiskeli, na matope yakawa hayavumiliki. Kila sababu aliyotoa ilikuwa ya kweli na ingeweza kuthibitishwa. Mwanaima alifunga vyombo na kumtania kwamba ameolewa na kinyonga. Temeke walipata kiwanja, wakajenga chumba kimoja na kuanza cha pili.

Jioni moja alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe mlangoni.

"Kuna mtu kaja kukuuliza. Mtu wa kwetu, kwa lugha."

"Kasema nini?"

"Kasema ulimwonyesha mahali, akaenda, kumbe si penyewe. Nimempa maji. Nikamwambia atue mzigo apumzike, akakataa. Hana pa kuutua, kasema."

Awadhi aliketi kwenye kizingiti. Angeweza kusema kwamba ni mpagazi aliyepotea, na hilo huenda lilikuwa kweli. Badala yake alimwambia mkewe kwamba siku ile shambani hakujua. Alinyoosha kidole kwa sababu alitaka wasafiri.

Mwanaima aliingia ndani, akaanza kukunja kanga zake juu ya mkeka.

"Meli ya Mtwara ni lini?"

Awadhi alijua siku, akamtajia. Akauliza kama akate tiketi mbili.

"Kata yangu," alisema Mwanaima. "Mama atataka kutafuta. Wewe huna pa kumwonyesha."