Chupa Namba Mia

Nilikuwa nimeuma kwa meno ule mpira wa kufungia mkono, sindano iko kwenye mshipa wangu wa kushoto, na chupa namba mia inajaa. Mlango wa maabara nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo.

Hiyo ilikuwa London, 1997. Dokta Jennifer, mkubwa wangu, alitaka damu ya Wakorea mia moja, aone miili yao inazivunja dawa za kifua kikuu kwa kasi gani. Kasi hiyo mtu huzaliwa nayo. Wakorea wengi ni wa haraka; sisi wa Afrika Mashariki, karibu nusu yetu ni wa polepole, na dawa hutukawilia mwilini hadi kudhuru mishipa ya fahamu. Damu niliitoa kanisani kwao New Malden, Jumapili baada ya ibada. Wa mwisho alikuwa Bi Hong, bibi wa miaka sabini. Nilimdunga mara tatu ndipo nikaupata mshipa, naye akanipapasa mkono kana kwamba aliyeumia ni mimi. Kisha, nikishuka basi, chupa yake ikanidondoka, ikapasuka. Ningemrudia na uso gani? Nikajiambia, damu ni damu, nani atajua?

Wiki tatu baadaye Jennifer aliingia mbio, meno yote nje.

“Gakii, namba mia ni wa polepole! Na hospitali imenipigia sasa hivi. Bi Hong ana TB, anaanza dawa Jumatatu. Nawaambia wampunguzie dozi.”

Jamani! Wa polepole nilikuwa mimi. Yule bibi akipunguziwa dawa bure, ugonjwa ungebaki ukimla mapafu. Nami nikisema, kwaheri kazi niliyoisomea miaka minne. Nikaanza kuosha chupa zilizokuwa safi. Nikaziosha tena. Naona haya kusema kwamba ilinichukua saa nzima kwenda kubisha mlangoni kwa Jennifer.

“Dokta, ile damu ni yangu.”

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Kwa nini hukumwomba tena?”

“Nilimwonea haya.”

Akapiga simu hospitali kwanza. Halafu akafungua daftari, akaikata namba mia kwa mstari mmoja ulionyooka, akaniomba kadi yangu ya kuingilia kazini. Bi Hong alipewa dozi kamili, nilisikia alipona.

Mwaka 2006, baada ya miaka mingi ya kuwaogesha wazee Tottenham, nikaanza kukohoa na mimi. Daktari aliniandikia dawa zile zile.

“Angalia dozi, daktari,” nikamwambia. “Mwili wangu ni wa polepole. Na unipe ile vitamini ya kulinda mishipa ya fahamu, miguu isije ikawaka moto.”

Kalamu ikasimama. “Ulipimwa wapi?”

“Kwenye utafiti wa Wakorea,” nikasema. “Mimi ndiye namba mia, yule waliyemkata.”