Mwana wa Mwenye Mgodi

Blaise Mugisho aliuza mashati ya mitumba katika soko la Owino, lakini hakutaka kabisa kuonekana muuza mashati. Robota likifunguliwa, yeye ndiye aliyeinama wa kwanza. Suti nzuri ikitokea, au kiatu cha ngozi kisichokuwa na mkunjo, hakikufika mezani kwa wateja. Alikipeleka nyumbani, kwenye chumba kimoja alichopanga na mkewe Bibiane na binti yao Benedicte.

"Papa Bene," Bibiane alimwambia mara nyingi, "mtoto anaenda shule na ndala, na viatu vyako vimejaa chini ya kitanda."

"Mtu asiye na sura ya pesa hapewi pesa, Mama Bene."

Bibiane alisuka nywele za watu barazani kutwa nzima, na kodi ya chumba ilitoka kwenye vidole vyake. Alimjua mumewe. Walipoikimbia vita ya Kivu, kule Kongo, na kuingia Kampala na nguo walizozivaa tu, watu waliwakwepa njiani, na Blaise aliapa kwamba hatakwepwa tena. Kiapo hicho kilikuwa kimemla kidogo kidogo.

Siku moja alifika kibandani mwanamume mrefu aliyejiita Otema. Hakugusa shati hata moja. Alimtazama Blaise kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akasema, "Wewe si mtu wa kuuza mashati."

Hilo tu. Kama angemtukana, Blaise angemfukuza.

Otema alikuwa na fleti mtaa wa Bukoto na alitafuta Mkongo wa kuketi humo, mwenye suti na Kifaransa, awe mwana wa mwenye mgodi wa dhahabu. Asiseme mengi. Kazi ikiisha, atapata duka lake mwenyewe, lenye madirisha ya vioo.

"Na dhahabu yenyewe ipo?" Blaise aliuliza.

"Ipo ya kuonyesha."

Blaise alielewa. Angeweza kukataa pale pale, na ulimi ulikuwa tayari kukataa. Lakini macho yake yalikuwa yameshakiona kile kiti cha Bukoto.

Mnunuzi aliitwa Erinayo, mtu wa Mengo, aliyekuwa ameuza kiwanja alichoachiwa na babu yake ili atajirike kwa mara moja. Siku ya kwanza, Blaise alipoingia sebuleni na suti ya kijivu, Erinayo alisimama. Mzee mwenye mvi alisimama kwa ajili yake! Alimshika mkono kwa mikono miwili akamwita mheshimiwa. Walimwonyesha punje chache za dhahabu ya kweli, mzee akaondoka akitabasamu, na Blaise alirudi nyumbani akiwa hasikii njaa.

Siku ya pili Erinayo alikuja na mkoba wa fedha, na shemeji yake, Oola, mwanajeshi mstaafu asiyecheka. Sanduku la dhahabu lilikuwa mezani, limefungwa kwa lakiri. Otema aliupokea mkoba.

"Nauweka kwenye gari, nimlete na mpimaji," alisema. "Msiwe na wasiwasi. Bosi mwenyewe anabaki hapa na ninyi."

Blaise hakuwa ameambiwa habari ya kubaki. Alitaka kuinuka, lakini mwana wa mwenye mgodi hamkimbilii mtumishi wake kwenye ngazi. Akakunja nne. Mlango ukafungwa.

Walingoja. Erinayo aliongea habari za hoteli atakayoijenga. Soda ziliisha kwenye glasi. Blaise alipiga simu, akaisikia imezimwa, akaendelea kuishika sikioni na kuongea Kifaransa na mtu asiyekuwepo. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya shati.

"Kata hiyo simu," Oola alisema.

Alichomoa kisu kidogo, akapasua lakiri. Juu kulikuwa na vipande vinavyong'aa. Alikikwaruza kimoja, akakinusa, kisha akamwaga sanduku zima sakafuni. Shaba, na chini yake kokoto. Oola alienda mlangoni, akaufunga kwa ufunguo, akautia mfukoni.

"Pesa iko wapi?"

"Sijui, afande. Naapa kwa Mungu. Mimi nauza mashati Owino."

Kofi lilimwangusha kutoka kwenye kiti.

"Mpigie baba yako," alisema Erinayo. "Mwenye mgodi. Alipe yeye."

"Baba yangu alikufa zamani, mzee. Alikuwa analima mihogo."

Hawakumwamini. Oola alimvua viatu, akakigeuza kimoja. "Muuza mashati anavaa hiki?" Alimshika mkono, akatazama kucha zilizosafishwa. Akaivuta saa. Kila alichokivaa kilimkana. Blaise aliyekuwa ametumia miaka akiwashawishi watu kwamba ana mali, sasa alilia akiwaomba waamini kwamba hana kitu, na hakujua aanzie wapi.

Oola alifungua dirisha. Chini kabisa, wauza nyanya walikuwa wanaitana. "Utakumbuka pesa iko wapi," alisema kwa utulivu, akamsukuma hadi kifua kikalala juu ya ukingo.

"Mke wangu!" Blaise alipiga kelele. "Mwiteni mke wangu! Yeye atawaambia!"

Walimpigia simu, na Bibiane alifika akihema, mafuta ya nywele bado yakimeta vidoleni. Alizitazama kokoto, dirisha lililo wazi, kisha mumewe akiwa na soksi.

"Huyu ni nani?" Erinayo alimwuliza.

"Ni mume wangu. Anauza mashati. Tunalala watatu kwenye godoro moja, na godoro hilo nimelinunua mimi. Twendeni mkaone."

Blaise alikuwa ameyangoja maneno hayo kama mtu anayezama, na yalipokuja yalimuuma kuliko kofi. Lakini aliyeanguka alikuwa Erinayo. Alijiinamia, akakaa sakafuni kati ya kokoto. Mpaka hapo alikuwa na tajiri mikononi. Sasa alikuwa na maskini mwenzake, na kiwanja kimekwenda.

"Tumwue basi," alinong'ona. "Ana faida gani?"

Oola alisogea. Bibiane alipita mbele yake akasimama dirishani, mgongo wake ukiwa nje nusu.

"Mpelekeni polisi," alisema. "Mimi mwenyewe nitakuja nanyi. Mkimwua, nani atawaambia sura ya yule mwingine?"

Oola alimtazama yule mwanamke mfupi aliyetetemeka bila kusogea. Mwishowe alitoa ufunguo mfukoni.

Otema hakupatikana. Fleti ilikuwa imekodiwa kwa jina la uongo, na uso pekee ambao shahidi yeyote aliukumbuka ulikuwa wa Blaise. Alifungwa. Bibiane aliziuza suti moja baada ya nyingine, ya kijivu kwanza, kisha akashika kibanda mwenyewe, kwa sababu kusuka peke yake hakukutosha kodi, ada na nauli ya kwenda gerezani.

Asubuhi moja mzee alisimama mbele ya meza yake akichambua mashati ya shule. Alikuwa amekonda. Bibiane alimtambua kabla yeye hajainua uso.

"Wajukuu wanaanza muhula," Erinayo alisema, kama anayejitetea. "Sasa wanakaa kwangu, chumba cha kupanga." Aligeuza kola ya shati. "Yeye anatoka lini?"

"Bado, mzee."

Alimchagulia mashati mawili yenye kola nzima, akayakunja vizuri. Erinayo aliyapokea kwa mikono miwili, kama alivyoushika mkono wa Blaise siku ile ya kwanza, kisha akaingia kwenye msongamano wa watu.