Wa Ndani au wa Nje

Siku ya tisa ilikuwa imefika na kompyuta ya mezani pangu bado haioni majibu ya maabara. Mimi ndiye muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, kwa hiyo lawama zote ziliishia kwangu. Maabara iko jengo la pili. Tulishinda tukikimbizana na karatasi mikononi. Fundi wa hospitali alikuwa ameshabadilisha waya mara mbili.

"Barua pepe zinaingia, printa inachapa," alisema. "Tatizo liko maabara."

Maabara nao walisema liko kwetu.

Mwishowe mkurugenzi akaita kampuni ya nje, na aliyeingia na mkoba begani alikuwa binti yangu wa pili. Nyumbani tunamwita Maswali. Akaniamkia, nikaitikia, basi. Kazini ni kazini.

Fundi alimpima kwa macho toka viatuni. "Dada, waya nimeshabadilisha."

"Ahsante, kaka. Waya ni mzima. Naomba nione namba za kompyuta."

Akakalia kiti changu, akafungua ukurasa wa anwani za mtandao, akazipitia namba moja moja kwa kidole. Kisha akamwomba fundi asogee.

"Kompyuta kabla haijatuma kitu hujiuliza: ninayempelekea ni wa ndani au wa nje? Wa ndani humpa yenyewe, mkono kwa mkono. Wa nje, mzigo huupa ruta, kile kifaa kinachounganisha mitandao, iupeleke. Sasa hii namba ya mpaka, inayoiambia ndani kunaishia wapi, ni pana mno. Inadhani maabara imo humu humu wodini."

"Kwa hiyo inaiita humu ndani," fundi akasema taratibu.

"Inaita, na maabara haisikii. Ruta ipo, ila haijapewa kitu."

"Na barua pepe je?"

"Hizo zinakwenda mbali, hata mpaka huu hauzifikii. Ndiyo maana zinapita kwa ruta."

Fundi alijishika kiuno. "Namba hiyo niliiandika mimi, kompyuta ilipokuja."

"Ni sehemu moja tu, kaka. Hapo penye sifuri ya kwanza, weka mia mbili hamsini na tano." Akainuka, akampisha kiti.

Fundi akaandika, akabonyeza. Orodha ya maabara ikafunguka, na la juu kabisa lilikuwa jibu la mtoto wa kitanda cha sita. Daktari wa wodi alilisoma akiwa amesimama, akabadilisha dawa palepale.

Maswali alinipa fomu ya kazi nisaini. Kwenye nafasi ya aliyerekebisha alikuwa ameandika: fundi wa hospitali. Nilirudia kuisoma. Mambo ya namba alifundishwa chuoni. Hili la kumwachia mwenzake sifa, sijui alilipata wapi, na moyo wangu ulijaa.

"Huyu binti mmemtoa wapi?" daktari akauliza.

Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza.

"Nimemzaa," nikasema.

"Mama, tuko kazini," Maswali akanong'ona, akiinamia mkoba wake.

Nikasaini, kwa herufi kubwa kuliko kawaida yangu.