Kidole cha Nne cha Mbwa

Verna Dietz, anayekaa ng'ambo ya barabara na ambaye dirisha lake la jikoni linatazama mlango wa duka letu la vitabu vya katuni vya zamani, anadai kwamba siku kifurushi kilipofika Harlan, mwenye duka, alipiga magoti barazani, kwenye theluji. Anadai pia kwamba alimbusu mpeleka barua. Kwenye shavu, anasema, halafu anagusa shavu lake mwenyewe kuonyesha mahali. Nilimuuliza mpeleka barua. Akasema alipewa mkono tu, na kipande cha pai ya molasi, na kwamba theluji ilikuwa imeyeyuka tangu Jumapili. Lakini Verna hasahihishwi.

"Mimi nina macho, Saloma," ananiambia. "Mzee wa miaka sabini na miwili, chini, magoti yote mawili! Mara ya mwisho kumwona hivyo ni siku tuliyomzika mkewe, Arlene."

Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nikipanga magazeti. Nilichoona ni Harlan akiingia na kifurushi kifuani, akitembea kama mtu aliyebeba mayai kwenye aproni. Alikiweka kaunta, akakata utepe kwa kisu cha mfukoni, akafunua pamba na maboksi ndani ya maboksi, hadi akatoa kasha la plastiki ngumu, ngumu kama kioo cha gari. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha katuni. *Nahodha Kurunzi*, namba tatu, cha mwaka 1942.

"Nane na nusu," Harlan alisema. "Nane na nusu, Saloma. Na lebo ni ya buluu."

Verna alikuwa ameshafika, bado na aproni yake. "Kati ya ngapi?"

"Kumi. Lakini ya kumi haipo, Verna. Ya kumi ni kama mtakatifu."

"Na sasa unakisomaje, kimefungiwa humo?"

"Hakisomwi."

"Kitabu hakisomwi?"

"Ukilifungua kasha, namba imekufa. Itabidi kipelekwe kupimwa upya."

Verna alinitazama, akamtazama tena Harlan. "Basi ni sawa na kuku aliyekaushwa wa kupambia rafu," alisema, akaenda zake kuzima jiko.

Lebo ya buluu maana yake wapimaji, wale wanaovipa vitabu vya zamani alama na kuvifungia kwenye kasha, wamehesabu kurasa, wamemulika taa zao, wameona kitabu hakijaguswa na mkono wa fundi. Ingekuwa ya zambarau, maana yake kuna mtu amekiunga au amekipaka rangi. Wateja wetu wanaitaja zambarau kwa sauti ya chini, kama watu wanavyomtaja farasi aliyevunjika mguu.

Harlan alinisogezea nikitazame. Nikakitazama. Nahodha amesimama juu ya mnara wa maji, kurunzi yake inapasua usiku, na chini kwenye kona ya kulia yuko mbwa wake, miguu ya mbele imetangulizwa kana kwamba anataka kuruka nje ya jalada. Mguu mmoja una vidole vitatu. Mwingine una vinne.

Nilirudi chumba cha nyuma, nikakaa juu ya boksi.

Kidole cha nne nilikichora mimi.

Nilimaliza darasa la nane nikiwa na miaka kumi na minne, kama wasichana wote wa kanisa letu, sisi tunaovaa kofia nyeupe, na mwaka uliofuata baba alinipeleka kwa Arlene, mke wa Harlan, nimsaidie kazi za nyumbani. Arlene hakuwa wa kanisa letu, lakini makanisa yote ya bonde hili yalimpelekea vitabu vyao vya nyimbo vilivyochanika na Biblia za ukoo zilizobanduka mgongo. Alivitengeneza kwenye meza ya jikoni. Alipika uji wa unga wa ngano, mwepesi, akauchuja kwenye soksi safi uwe gundi, na alikuwa na karatasi ya Kijapani ya kutilia viraka, nyembamba kama ganda la kitunguu. Baada ya wiki mbili aliniondoa kwenye vyombo. "Vyombo vitasubiri," alisema. "Mkono wako hautetemeki. Kaa hapa."

Hakuna mahali nilipopapenda kama ile meza. Dirisha lilikuwa na mvuke, redio ikisoma bei za maziwa, na paka wao, Pretzel, amelalia karatasi tunazozihitaji. Harlan akipita kutoka dukani kutafuta kahawa, Arlene alifunika kazi kwa taulo na kumfokea, "Nenda na karatasi zako za kufungia samaki!" Ndivyo alivyoviita vitabu vya katuni. Harlan alicheka kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza anausikia utani huo.

Kumbe Arlene alikuwa akimtafutia *Nahodha Kurunzi* namba tatu miaka minne. Alikwenda minada ya mashamba, akanunua masanduku mazima ya katalogi za mbegu kwa ajili ya kuchungulia chini yake. Alinieleza kwa nini. Harlan na rafiki yake Leroy Fenstermacher walikuwa na miaka minane kilipotoka. Kila mmoja alikinunua chake kwenye duka la dawa, wakavisoma juu ya nyasi kavu ghalani kwa kina Leroy hadi wakavijua kwa moyo. Halafu, vita vikiwa vimepamba moto, mwalimu akawaambia watoto walete karatasi zote za nyumbani kwa ajili ya jeshi. Wakavipeleka. Wakapewa kila mmoja beji ya bati. Leroy alilia njia nzima, na hadi leo anasema ilikuwa mafua.

Kile Arlene alichokipata kilikuwa mgonjwa kweli. Mgongo ulikuwa umepasuka, na panya alikuwa amekula kona ya chini ya jalada pamoja na mguu mmoja wa mbwa. Tulikifanyia kazi majira yote ya baridi. Mgongo aliunga yeye. Kona alinipa mimi.

"Mguu wenyewe ulikuwaje?" nilimuuliza.

"Mguu wa mbwa ni mguu wa mbwa, mtoto."

Nyumbani tulikuwa na mbwa wa kuchunga ng'ombe, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtoa miiba. Mbwa akikanyaga, unaona vidole vinne. Nikachora vinne. Sikuutazama mguu wa pili. Mchoraji wa mwaka 1942, ambaye huenda hakuwahi kumtoa mbwa mwiba, alikuwa amechora vitatu. Arlene alipogundua, rangi ilikuwa imekauka. Alicheka hadi akashika meza. "Basi," alisema, "huyu sasa ni mbwa wa bonde letu."

Jambo la mwisho alilifanya mwenyewe. Arlene hakuwahi kutengeneza kitabu, hata cha nyimbo, bila kuandika kwa penseli mahali pa siri: nini kimeungwa, lini, na neno kwa atakayekifungua baada yake. "Nisipoandika, Saloma, nitakuwa nimemdanganya mtu nisiyemjua." Safari hii alinigeuzia mgongo. Aliandika kwenye kiraka cha ndani, mahali inapokunjwa pini ya juu ya kushikilia kurasa, huku akichekacheka peke yake kama msichana. Kisha akakunja kiraka, akarudisha pini. Kitakuwa zawadi ya Harlan ya Krismasi, aliniambia.

Mwezi wa tisa mama alijifungua mapacha, nikaitwa nyumbani. Mwezi wa kumi na moja Arlene alifariki. Niliporudi mjini kufanya kazi dukani ilikuwa imepita miaka mitatu, na kitabu sikukiona. Nilidhani alishampa, na kwamba Harlan alikuwa amekificha mahali kama watu wanavyoficha barua. Kumbe Harlan alikiokota chini ya katalogi za mbegu kwenye moja ya yale masanduku ya mnada, alikokificha Arlene. Alidhani ni bahati. Alidhani Arlene amekufa bila kujua kilichokuwemo ndani.

Aliyemshauri akipeleke kupimwa ni Leroy. Leroy aliwahi kununua kitabu kwenye maonyesho, tone la maji ya limau likakidondokea, na nyekundu yote, kumbe ilipakwa na fundi, ikahamia kwenye kidole gumba chake. Tangu siku ile akawa na usemi wake: "Siamini macho yangu, siamini macho yako. Naamini namba." Na walishakubaliana. Namba ikiwa nzuri na lebo ikiwa buluu, Leroy atakichukua, na Harlan, ambaye rafu zake zimebaki na nafasi kama mdomo uliong'oka meno, atapata makasha sita ya vitabu vya wachunga ng'ombe ambavyo Leroy amevikusanya kwa miaka arobaini. Hivyo ndivyo tu alivyo navyo Leroy. Hana mke, hana mtoto, ana makasha sita.

Leroy alikuwa aje Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea Harlan kahawa. Alikuwa amelisimamisha kasha mbele ya mashine ya fedha, analitazama.

"Harlan," nilisema. Kwetu hata mzee unamwita kwa jina lake. "Hesabu vidole vya mbwa."

"Nini?"

"Hesabu tu."

Akavaa miwani. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena. Nikamweleza yote, tangu uji wa ngano hadi mapacha. Nilipofika kwenye penseli aliiweka miwani kaunta.

"Alikuwa akivitukana," alisema. "Karatasi za kufungia samaki."

"Alivitukana hivyo hivyo hata brashi ikiwa mkononi."

"Miaka minne?"

"Minne. Kila mnada."

Alilivuta kasha karibu. Halafu akauliza, "Aliandika nini?"

"Sijui. Hakunionyesha."

"Lakini kipo? Hapa ndani?" Aliweka kidole kwenye plastiki, juu ya pini ya juu.

"Hapo hapo."

Jumamosi Leroy alifika na gari lake la mizigo, makasha sita nyuma yamefunikwa turubai na kufungwa kamba kana kwamba anahamisha ng'ombe. Alikuwa amevaa tai. Kwenye tai alikuwa amebandika beji ya bati, ile ile.

"Usinicheke," aliniambia.

"Sijacheka, Leroy."

"Unacheka kwa ndani. Nyie wanawake wa kofia nyeupe mna hiyo tabia."

Harlan alimwambia asishushe chochote. Akamkalisha kwenye kiti cha juu, akamwambia kila kitu, vibaya vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele. Leroy alilivuta kasha. Midomo yake ilicheza: moja, mbili, tatu, nne.

"Hm," alisema. "Mbwa ana afya."

"Leroy."

"Nimesikia. Lebo inasema nini?"

"Leroy, nimekwambia kimeungwa. Binti huyu hapa ndiye aliyekiunga."

"Lebo inasema nini, Harlan?"

"Buluu."

"Basi ni buluu. Watu wenye taa zao na vioo vyao wamekitazama wakasema hakijaguswa. Sasa nimsikilize nani, wao au wewe? Wewe uliyeniuzia mashine ya kukata nyasi isiyo na kisu?"

"Ile ilikuwa mwaka wa sabini na tatu!"

"Niliisukuma kiangazi kizima!"

Wote wawili wakacheka, wakaacha kwa pamoja. Harlan akasema, taratibu, "Siwezi kukupa. Rudi na makasha yako. Sitakuchukulia miaka arobaini kwa kitu nisichoweza kukuapia."

Leroy aliishika ile beji kwenye tai. "Sikiliza," alisema, na sauti yake ya utani ilikuwa imeondoka. "Nilimpa mwalimu changu kwa bati hili. Tangu hapo nimetaka jambo moja tu, kwamba kimoja kiwe kimebaki. Kimoja tu, hakijachanika, hakijalowa, hakijashikwa. Hata kisipokuwa changu. Juzi uliponipigia simu nililala usingizi mzuri. Kaa nacho. Kiweke hapo dirishani, nitakuwa nakuja kukitazama. Lakini usiwaambie watu, na usikifungue."

"Mke wangu yumo humo ndani, Leroy."

"Najua."

"Ameniandikia kitu, nami sijakisoma. Miaka mitano nilikuwa nacho kabatini, ningeweza kukisoma siku yoyote, sikujua. Halafu mimi mwenyewe nimekipeleka kikafungiwe."

Harlan alifungua droo, akatoa bisibisi ndogo bapa, ile ya kufungulia makopo ya rangi. Aliielekeza kwenye ukingo wa kasha, ikateleza. Akajaribu tena. Mkono ulikuwa ukimtetemeka. Akaisogeza kwangu juu ya kaunta.

"Wewe," alisema. "Mkono wako hautetemeki."

Sikujua kwamba Arlene aliwahi kumwambia hayo.

Niliichukua. Ilikuwa bado na joto la kiganja chake. Ukingo wa kasha una mahali ambapo vipande viwili vya plastiki vinakutana. Niliupata kwa ukucha mara moja. Ng'ambo ya barabara pazia la jikoni kwa Verna lilisogea. Leroy alishuka kwenye kiti, akaja, akaweka kiganja chake kizima juu ya Nahodha, juu ya mnara, juu ya yule mbwa, hata sikuona tena vidole.

"Binti," alisema. "Tafadhali. Acha kibaki hivyo."