Aliyeanza Utani

Gazeti lilishuka na basi la alasiri, na jina langu halikuwamo. Ilikuwamo Nyasubi, mtaa wetu, likawamo duka la kona, na "mtu mmoja wa makamo, mpenda vitabu." Kahama nzima ikanijua.

Profesa Gregory alikuwa akiandika kila Jumapili kuhusu lugha na rangi za watu. Nilimsoma tangu nilipohitimu masomo ya usiku ya watu wazima, na makala zake niliwasomea wenzangu kwa sauti, nikitua kwenye kila nukta. Basi alipopita kwetu akielekea Bulyanhulu kusikiliza mazungumzo ya wachimbaji, mimi ndiye niliyejitolea kumtembeza. Nilitaka aone tunavyoishi. Nikampeleka kwa Firoz, mwenye duka la kona.

"We Mhindi!" niliita kutoka barazani, kama nilivyozoea miaka yote. "Bado hujarudi kwenu? Meli imekusahau?"

"Karibu, mtani," Firoz alijibu, akitabasamu. Mama yake, Maniben, alikuwa nyuma ya magunia ya mchele. Hakuinua kichwa.

Tulipotoka, Profesa aliniuliza swali moja tu.

"Yeye huanza lini?"

Nilimweleza habari za utani: jinsi sisi Wasukuma tunavyotaniana na watani wetu hata msibani, jeneza likiwa ndani, na hakuna anayenuna. Alinisikiliza kwa heshima.

Sasa nilikuwa na jibu lake mapajani. Aliandika kwamba utani una pande mbili. Pale ambapo mmoja husema siku zote na mwingine hutabasamu siku zote, tutafute jina jingine. "Tabasamu lile," aliandika, "ni la mtu anayeutazama mlango."

Ulikuwa mwaka wa kampeni. Mikutanoni neno "wazawa" lilipigiwa makofi mengi kuliko barabara na maji, na Firoz alikuwa ameanza kufunga duka kabla ya magharibi.

"Profesa kakosea," nilimwambia mke wangu, Melania. "Firoz ni mtani wangu."

"Nani kakwambia?"

"Ananiita hivyo mwenyewe."

"Baba Mageni, ulitaka akuiteje?"

Nikawa napita njia ya nyuma, nanunua sukari kwingine. Si kwamba niliogopa ugomvi. Niliogopa kuingia nikahudumiwa kwa adabu, kama mpita njia, na kujua kwamba ndivyo nilivyokuwa siku zote.

Siku niliyorudi kwa Firoz, duka lilikuwa limejaa. Nilisimama kizingitini, nikayaacha maneno yangu ya kila siku.

"Habari za hapa," nilisema.

Minong'ono ilikatika. Wote walikuwa wamelisoma gazeti, au wamesomewa. Firoz alinitazama. Kisha akapaza sauti.

"Mtazameni huyu! Kasoma usiku, ndiyo maana mchana haoni!"

Duka lililipuka kwa kicheko. Zipora, muuza nyanya, alicheka hadi akashika kaunta. Masikio yangu yaliwaka. Katika yote niliyowahi kupata duniani, alikuwa amegusa lile moja nililolipata kwa jasho langu mwenyewe. Nilikitafuta kicheko kifuani, nisikione.

Firoz hakuwa akicheka. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya kaunta, akinisubiri kama mtu asiyejua atajibiwa nini.

"Endelea," nikamwambia.