Njo ya Kayitesi

Cyiza alikuwa na magonjwa mawili: kupiga mbizi na kusahihisha watu. Wa kwanza ulimpa kazi hapa Gisenyi. Wa pili sijui ulimpa nini, labda maadui. Alikulia Karagwe, Tanzania, kabla ya wazazi wake kurudi Rwanda, na Kiswahili chake alikivaa kama suti ya harusi. Ukimwambia "mutu" anazama, kwanza atakurudisha kwenye "mtu".

Sasa bwana huyo akampenda nani? Kayitesi, mtoto wa Goma, mwenye "iko" badala ya "ni" kila sentensi na asiyetamka h hata kwa dawa. Kayitesi huzama bila mtungi wa hewa, kwa pumzi yake mwenyewe, na Cyiza akimtazama moyo humwenda mbio. Lakini mapenzi hayakumfunga mdomo. Humwuliza mbele za watu kama h yake ameiacha mpakani. Zamani Kayitesi alicheka sana. Siku hizi hucheka kidogo.

Asubuhi moja walikuwa wawili tu kwenye mwamba, pale unapoingia ziwani kwa miguu na baada ya hatua chache jiwe linashuka wima, chini kiza. Jumapili iliyotangulia mashangazi wa Kayitesi walikuwa wametaka kujua kama mchumba yupo au hayupo. Cyiza, mtungi mgongoni, alitoa kipumulio mdomoni akamwuliza kama atakubali kuolewa naye.

Kayitesi akainamisha macho, akasema neno moja, akazama kwa haya.

Njoo, ndivyo alivyosikia Cyiza. Anaitwa! Furaha ikampanda kichwani, akamfuata huku anatabasamu, kipumulio kinaning'inia begani. Mwalimu mzima wa mbizi! Alipovuta pumzi alivuta ziwa. Mfa maji haachi kutapatapa, naye alitapatapa na mtungi umejaa. Aliyemrudishia kipumulio mdomoni ni Kayitesi, asiye na hewa ila ile ya kifuani mwake, kisha akamkokota hadi ufukweni.

Cyiza alipokwisha kukohoa, Kayitesi, bado anahema, alimwuliza alikuwa anafuata nini kule chini.

"Si uliniita? Ulisema njoo."

"Mi nilisema njo," Kayitesi akasema. "Uliniuliza, nikakubali."

Njo: kule Goma ndiyo "ndiyo" yao, na Cyiza alilijua hilo siku nyingi. Mwenye akili angemshika mkono akanyamaza. Lakini ugonjwa ni ugonjwa.

"Ungesema 'ndiyo', haya yangetokea?" akasema. "Ndi-yo. Neno lina silabi zake, Kayitesi."

Kayitesi alikamua maji kwenye nywele, taratibu. Macho yalikuwa mekundu.

"Bon, sawa. Uliza tena."

Akauliza.

"Hapana," Kayitesi akajibu, na h yake kamili. "Hiyo iko sanifu?"

Cyiza alilitafutia kosa neno lile, hakuliona. Ile "iko" akaiacha ipite, kwa mara ya kwanza.